Koti la Mkwe

Mtaani kwetu anaitwa Mama Zipu, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa hageuki. Kibanda chake kiko mwisho wa mtaa, kati ya duka la vifaa vya umeme na ukuta wa shule. Ndani mna cherehani ya kukanyaga kwa miguu, taa inayoning'inia kwenye waya, kopo la zipu zilizong'olewa kwenye makoti yaliyokwisha kazi, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Anashona mashanta, mahema, makoti ya baridi na mifuko ya kulalia, yaani kila kitu kinachopanda mlimani kikiwa kizima na kushuka kimechanika. Mimi ni mpishi wa mlimani, na sijawahi kubeba shanta ambalo mkono wake haukuligusa. Nitamsimulia kama nilivyomwona, na asiyependa maneno yangu ajipikie.

Kwanza mjue kwamba ni mbishi. Kuna watu hubisha ili washinde, wengine hubisha ili wasikike. Yeye hubisha kwa sababu ameambiwa. Ukimwambia mvua inakuja, anaanika nguo. Mumewe alipofariki, watoto wakiwa bado wadogo, ndugu wa mume walikuja kumshauri auze cherehani arudi kwao. Aliwapikia chai, akawasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akawaomba wanyanyue miguu apate kufagia. Cherehani ile ile ndiyo iliyosomesha watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, siku hizi ana ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka. Wa pili ni binti, ameolewa na kiongozi wetu wa safari za mlimani, ambaye ndiye bosi wangu.

Mwaka mmoja Mama Zipu aliteleza kwenye kizingiti cha kibanda akaumia kiwiko. Nasema kiwiko, si kiuno wala kichwa. Lakini watoto walishtuka kama watoto wanavyoshtuka wakishakuwa na nyumba zao, na mwanawe akamtengenezea chumba nyuma ya nyumba yake. Kilikuwa na kitanda kipya, televisheni, na mapazia ya rangi ya maziwa ambayo hakuna aliyemuuliza kama anayapenda. Siku ya kukionyesha nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyesaidia kubeba kitanda. Mama alikaa ukingoni, akabonyeza godoro, akatazama dirisha. Dirisha lilielekea ukuta wa jirani.

"Chumba kizuri," alisema. "Ni cha kusubiria nini?"

"Cha kupumzika, mama," mwanawe alisema. "Umekula chumvi nyingi. Mwili haudanganyi. Tufunge kibanda, tuiuze ile cherehani, nawe ukae tu."

Aliyemuunga mkono kuliko wote alikuwa mkwe, yule kiongozi, kupitia kwa mkewe. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Wakwe wabaya unajua jinsi ya kupambana nao, ila hawa wema ndio wanaomaliza watu.

Mama Zipu alisema atafunga, kwa sharti. "Mnasema mwili umechoka. Haya, tuuulize wenyewe. Nitaupanda ule mlima ambao nimeushonea mahema tangu hamjajua kujifunga kamba za viatu. Nikifika kileleni, hakuna wa kunitajia kupumzika tena mpaka siku mnaponizika. Nisipofika, ufunguo wa kibanda ni wenu, nami nahamia kwenye haya mapazia."

Mwanawe alicheka akakubali pale pale. Nadhani kile kicheko ndicho kilichomkera kuliko chumba chenyewe.

Mlima aliousema si ule unaopendwa na wageni, wenye njia pana na vibao kila kona. Huu uko mbali na kila kitu. Unashuka kwenye lori mahali barabara inapokatikia, unatembea siku kadhaa na mzigo mgongoni, msitu, kisha majani makavu, kisha mawe matupu, ndipo uanze kuiona theluji ambayo haiondoki mwaka mzima. Wageni wenye viatu vya bei ya kutisha hugeukia njiani na kurudi wakisema walichotaka hasa ni kuona ndege.

Kiongozi alitaka kukataa. Lakini atamkatalia vipi mama mkwe? Mambo ya ukwe hamhitaji kufundishwa. Mwanamume anaweza kugombana na askari na mwenye nyumba kwa siku moja, lakini mama yake mkwe hamtazami usoni, sembuse kumwambia hapana. Akamtuma mkewe akakatae kwa niaba yake. Mke akarudi na jibu kwamba mama ameshamaliza kushona shanta. Basi bwana mkubwa akakubali.

"Sufuria," aliniambia stoo, tulipokuwa tunapanga vyombo. Hilo ndilo jina langu la kazini. "Hatavuka kambi ya pili. Atachoka, tutamshusha kwa heshima, mambo yataisha." Alisema hivyo huku anakohoa. Alikuwa na mafua yaliyokataa kumwacha. Nikamwambia aahirishe safari.

"Nimwambie mama mkwe naogopa mafua?"

Kuna watu wako tayari kufa na tai shingoni, na huyu alikuwa mmoja wao.

Tulianza safari tukiwa sisi watatu na wapagazi wawili wa kubeba mahema. Shanta la Mama Zipu lilikuwa na rangi zote za mahema yaliyowahi kupita mikononi mwake, machungwa, kijani, buluu, na mfukoni mwake mlikuwa na koleo, uzi wa nailoni na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Nilimcheka. Nikamwambia mlimani watu hupunguza uzito mpaka wanakata mpini wa mswaki, yeye anabeba karakana. Mpagazi mmoja akanyoosha mkono amsaidie lile shanta.

"Lina mgonjwa ndani?" akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi liache."

Sasa niwaeleze adha yangu. Wale wawili hawasemeshani. Siyo kwamba wamekosana, wanaheshimiana, na heshima yao mimi ndiye niliyeibeba mgongoni pamoja na jiko na mitungi. Njia ile ni nyembamba, kiongozi anatangulia, mama anafuata, mimi nyuma. Mkwe anasema bila kugeuka, "Sufuria, mwambie mama apunguze mwendo, hewa huku ni nyepesi." Mama amesikia kila neno, yuko nyuma ya kisigino chake. Lakini anangoja mimi niseme. Nasema. Naye ananijibu mimi, "Mwambie mkwe wangu nimesikia, na mwendo wangu haujambo." Nami napaza sauti nimwambie mtu ambaye naye amesikia. Nimepika milimani miaka mingi, sikuwahi kugeuzwa simu ya mezani.

Kambini mambo yalikuwa yale yale. Mama hakuvua viatu mpaka nimemtundikia turubai, mkwe asije akaona miguu yake. Mkwe hakula mbele yake. Alichukua sahani yake, akaenda kula nyuma ya mawe, gizani na kwenye upepo, kisha akarudisha sahani imesafishwa. Nikasema moyoni, angalau hamu ya kula anayo. Asubuhi kunguru walijaa nyuma ya yale mawe, wakigombana. Niliwaona. Kila kambi niliwaona, na kila kambi nilidhani ni kunguru tu.

Jioni, kabla ya kulala, kiongozi hutoa tangazo lake, lile analowapa wageni wote. Akiumwa mtu kichwa, akikosa hamu ya kula, akiona miguu haimtii, aseme mara moja, maana ugonjwa wa mlimani hauna aibu na ukifichwa unaua. Akalitoa akitazama jiko langu. "Sufuria, muulize mama kama ana lolote."

"Mwambie mkwe sina lolote."

Alikuwa na lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu, ukubwa wa harage, nililiona nilipompelekea maji ya moto nyuma ya turubai. Akanikazia jicho. "Ukifungua mdomo wako, Sufuria, hutapata zipu kwangu mpaka unakufa." Nikaufyata. Wala hakuna aliyemuuliza kiongozi kama yeye ana lolote. Kiongozi huuliza, haulizwi.

Kambi ya pili tuliivuka. Mama Zipu aliamka kabla yetu, akakunja hema lake mwenyewe, akakagua mshono wa hema la mkwe wake na kusikitika kwa sauti ya kusikika. Kiongozi akajaribu njia nyingine. "Sufuria, mwambie mama mawingu ya leo siyapendi." Mama akatazama juu, mbingu ilikuwa safi. "Mwambie hata mimi kuna mengi siyapendi, na natembea."

Jioni ile aliketi na mimi karibu na jiko, akitoboa lengelenge lake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema bila mzaha. "Wanadhani nang'ang'ania kibanda kwa ajili ya hela. Sufuria, mtu akiniletea begi lililopasuka, huwa amekata tamaa nalo. Analitupa pale kwenye benchi kama maiti. Kesho yake analivaa anaondoka nalo. Kile chumba cha mwanangu hakina mtu anayeleta kitu. Nitakaa mle nikitazama ukuta, niletewe chakula na dawa, na kila anayeingia ataniuliza nimeamkaje. Naogopa kile chumba kuliko huu mlima. Ukimwambia mtu, nakana."

Sikumwambia mtu. Nawaambia nyinyi leo kwa sababu yeye mwenyewe sasa haoni haya kulisema.

Kambi ya mwisho iko chini ya theluji, kwenye mawe. Kwa kawaida mpishi hubaki pale akilinda jiko, watu wakishuka wakute chai. Mimi kilele sikuwahi kukitaka, na goti langu halikuwahi kukitaka vilevile. Lakini kulipopambazuka wale wawili walisimama na mashanta mgongoni wakinitazama mimi, na nikaelewa. Nisipokwenda, watasemeshana vipi? Nikawaachia wapagazi jiko, nikapanda mlima kwa ajili ya kuwa mdomo wa watu wazima wawili wenye midomo yao.

Mama alipokanyaga theluji mara ya kwanza alisimama. Akainama, akachota kwenye kiganja cha glavu, akaisogeza karibu na macho. "Kumbe ni wewe," aliiambia. "Wewe ndiye unayenilia zipu zangu zote." Akaitupa, akaikanyaga, akaendelea kupanda. Nilicheka mpaka kifua kikaniuma, maana kule juu hata kicheko kinahesabiwa kwenye pumzi.

Tulipanda polepole. Kiongozi alikuwa mbele akichimba ngazi kwa buti, mama akiweka mguu pale alipotoa yeye. Jua lilitoka, theluji ikang'aa, upepo ukaanza kutupiga ubavuni. Na kweli mama alikuwa anaweza. Alikuwa akihema kama mvukuto, anasimama, anaegemea fimbo, anapanda tena. Ikafika mahali tukakiona kilele: rundo la mawe na mti mmoja uliochomekwa katikati, ukiwa umepinda. Palikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kumwita mtu aliyekaa pale akakuitikia. Nilihisi furaha, na mimi si mtu wa furaha.

Ndipo kiongozi aliposimama kufunga koti. Zipu yake ilikuwa imefunguka kwa upepo, akaishika ili aivute juu. Akaivuta chini. Akaivuta chini tena, kwa nguvu, kisha akaivuta kando, meno yakang'oka, koti likajaa upepo. Wala hakushtuka. Alitazama mkono wake kama si wa kwake.

Mama Zipu maisha yake yote ametazama mikono ya watu kwenye zipu. Akasimama palepale.

"Mkwe," alisema. Hakuniambia mimi. Alimwambia yeye. "Nigeukie."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu na midomo imebadilika rangi. "Sufuria," aliniuliza mimi, taratibu, "wageni wetu wako wapi? Waambie wasikae."

Hatukuwa na wageni. Akapiga hatua kuelekea kushoto, ambako hakukuwa na ngazi wala njia bali mteremko mtupu, mguu ukapotea, akakaa chini kwenye theluji kama mtoto. Hapo ndipo wale kunguru waliponirudia kichwani, wote, kambi kwa kambi. Hakuwa amekula tangu msituni. Alikuwa anaumwa siku zote zile, na kila jioni alisimama kututangazia dalili zake mwenyewe kama vile anatusomea habari za mtu mwingine, kwa sababu mwanamume hawezi kuugua mbele ya mama mkwe.

"Tuendelee, mama," alisema. Na yeye sasa alimwambia mwenyewe, bila kunipitia. "Pamebaki kidogo. Usije ukasema mimi ndiye niliyekunyima."

Nilimtazama mama, mama akatazama kilele. Sitasahau jinsi alivyokitazama. Nikamwambia, "Mama, nenda. Mimi nitakaa naye. Unaona pale? Gusa yale mawe urudi, tutashuka wote." Nilikuwa najua kwamba ugonjwa ule haungoji mtu aguse mawe. Nilisema hivyo hivyo, kwa sababu niliona chumba chenye mapazia kikimsogelea.

"Nyamaza, Sufuria." Sauti yake ilitetemeka, na si kwa baridi. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kwenye kope. Akaunyooshea mlima fimbo. "Na wewe mjinga mkubwa nisikilize! Usidhani umenirudisha. Sijarudishwa na wewe. Utanikoma!" Kisha akatupa shanta chini, akatoa koleo, akalitazama, akalirudisha, akatoa shazia na uzi.

Zipu ile ilikuwa haitengenezeki, na upepo ulikuwa unaingia mpaka kwenye mbavu za yule kijana. Mama akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akazishika pande mbili za koti, akaanza kumshona ndani yake. Alianzia kiunoni kupanda juu, mishono mirefu ya gunia. Alivua glavu ili aweze kushika sindano, vidole vikawa vyeupe, akivitia mdomoni kila mara na kuendelea.

"Mama, haifai," mkwe alisema, akijaribu kurudi nyuma. Katika kuchanganyikiwa kwake kote, hilo alilikumbuka. "Mama, haifai hivi."

"Kinachofaa ni kipi? Kumpelekea binti yangu koti tupu? Tulia nisikuchome."

Akamshona mpaka kidevuni, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno, uso wake ukiwa karibu na shingo ya mkwe wake kuliko mama mkwe yeyote aliyewahi kukaribia. Nikatazama kando. Kisha tukamfunga mkanda wa shanta kiunoni, mama akatangulia akichimba visigino kwenye theluji, mkwe katikati, mimi nyuma nikiushika mkanda. Kila alipotaka kukaa, mama aliunguruma, "Simama! Nani kakwambia upumzike?" Nami niliyekuwa nyuma nikayatambua yale maneno. Yule mama hakugeuka kukitazama kilele hata mara moja.

Ugonjwa wa mlimani una jambo moja zuri, ukishuka nao unakuacha. Kambini alikunywa chai. Wapagazi wakatusaidia kumteremsha zaidi siku ile ile, na tulipofika kwenye majani alikuwa anaweza kutembea peke yake. Msituni alikula sahani nzima, mbele ya mama, kwa sababu mama alimkalia mbele na kijiko. Nikatoa kisu nimkatie ule uzi avue koti, maana kule chini joto lilikuwa limeanza. Akanishika mkono.

"Usiguse," alisema.

Nikadhani bado kichwa hakijakaa sawa.

Siku ya mwisho, tukielekea kwenye lori, aibu ilikuwa imemrudia na heshima yake pia. Akajongea karibu na mimi. "Sufuria, mwambie mama, kule juu tulikuwa sisi watatu tu. Tukisema alifika, nani atabisha?"

"Mimi nimestaafu," nikamjibu. "Mwambie mwenyewe."

Mama hakuhitaji kuambiwa, alikuwa hatua mbili mbele yetu. "Nitabisha mimi," alisema. "Sitaki kuvikwa kilemba cha ukoka. Sikufika."

Lori lilitushusha mtaani mchana, jua likiwa kali. Mkwe alibaki kushusha mahema. Mimi nilimsindikiza mama na shanta lake la rangi zote, akichechemea, mpaka kwenye kibanda. Mwanawe alikuwa anatungoja pale, na kando yake gari dogo la mizigo lililokuja kwa ajili ya cherehani. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake ya nailoni. Binti naye alikuwepo, macho yamevimba kwa wasiwasi. Kwenye benchi alikaa mwalimu wa shule ya jirani na begi lililokatika mkanda. Alikuwa amesikia kwamba mama anarudi leo, akaamua kuwahi.

"Mama, pole na safari," mwanawe alisema. "Ulifika?"

"Sikufika."

Niliona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Siyo mtoto mbaya, alimpenda mama yake, na alitaka ampende akiwa mahali pamoja. "Basi mama, umejitahidi sana. Hakuna wa kukucheka. Nipe ufunguo, chumba kiko tayari."

Mama Zipu alitoa ufunguo kifuani. Akafungua mlango wa kibanda, akaurudisha ufunguo kifuani, akavuta kiti chake.

"Mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Nimevunja. Nishtaki."

"Huo si uungwana! Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, mwili ukishindwa—"

"Mwili haukushindwa," nikaanza, maana ningepasuka, lakini mama alinionyesha kidole nikafunga mdomo. Hakutaka kutetewa. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye cherehani kwa kiwiko chake kile kile kilichoumia. Mwanawe akamwita mwenye gari apakie.

Hapo ndipo mkwe alipotokea mwisho wa mtaa. Watu walikuwa wanamgeukia. Jua lile, watu wamevaa fulana, na yeye amevaa koti la theluji lililoshonwa kwa uzi wa gunia kutoka kiunoni mpaka kidevuni, uso umelowa jasho kama aliyetoka kuoga. Mkewe akamkimbilia. "Baba watoto, utazimia! Vua hilo koti!" Mwana mkubwa wa mama akachukua mkasi kwenye meza ya kibanda, akamfuata amkatie.

"Shemeji, weka huo mkasi chini," mkwe alisema.

"Utakufa kwa joto, bwana."

"Aliyelishona ndiye atakayelifungua. Na sijui atalifungulia wapi kama mnamfungia kibanda."

Akampita shemeji yake. Akasimama mbele ya cherehani, na hakunitazama mimi wala mkewe. Alimtazama mama mkwe usoni, mara ya kwanza tangu aoe, huku chini, ambako hakuna mlima wala ugonjwa wa kusingizia.

"Mama," alisema, "nina kazi nimekuletea. Zipu imeharibika."

Mama Zipu alivaa miwani. Akaikagua ile mishono, mmoja mmoja, polepole, na kidevu chake kilikuwa kinacheza kidogo ingawa yeye angekana. "Nani kakushonea vibaya hivi?" aliuliza. Kisha akasema, "Kaa kwenye benchi. Mwalimu yuko mbele yako."

Mkwe akakaa, jasho likimtiririka, mikono juu ya magoti, anangoja zamu yake. Mwalimu akampisha nafasi. Mama akawasha taa, akalipokea begi, akakanyaga cherehani mara mbili bila kitambaa kuisikiliza kama bado inapumua. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na kufuli lake kwenye nailoni, akitazama huku na huku asijue alipeleke wapi.

"Na wewe," mama yake alimwambia bila kuinua kichwa, "kama huna cha kushonwa, niondokee kwenye mwanga."